Unanipiga picha au unanikimbia? Nilivyopata lenzi ndogo ya mtaani

Lenzi yangu ya kwanza isiyo na zuum niliinunua kwa kusikia. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: hamsini. Chukua milimita 50 ya f/1.8 (namba ya kwanza ni urefu wa lenzi, ikiwa ndogo inaona upana zaidi; ya f ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ni nyepesi, ni bei nafuu, hutajuta. Nikachukua. Wepesi ulikuwa kweli. Kujuta nikajuta ndani ya wiki mbili, na lenzi yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Siku hiyo nilimkuta fundi viatu mmoja amekaa chini ya mwavuli uliofifia rangi, uzi ameubana kwa meno, kiatu kati ya magoti. Nilitaka picha iwe na yeye, mwavuli wake, na safu ya viatu alivyovipanga mbele. Kuchungulia, nikaona uso na bega, basi. Nikarudi nyuma hatua mbili, mkono ukaingia. Nikarudi tena, kisigino kikakosa ukingo wa barabara nikashuka kama gunia, na pikipiki ikanipitia nyuma huku honi ikilia. Nilipofika mahali ambapo mwavuli wote unaonekana nilikuwa karibu ng'ambo, na kati yangu na fundi watu walikuwa wakipita mfululizo. Niliambulia picha kumi na moja za migongo.

Mzee aliniona muda wote ule. Akautoa uzi mdomoni, akaniita: "Wewe kijana, unanipiga picha au unanikimbia?"

Nilicheka, lakini usiku nikakaa na kalamu. Kamera yangu ina sensa (kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ya ukubwa uitwao APS-C, yenye upana wa milimita 23.5 hivi. Ukiweka lenzi ya 50, mtu akiwa mita 3 mbele yako fremu inashika upana wa mita 1.4 tu. Ili mtu aliyesimama aonekane mzima kwenye picha ya kulala, na nafasi kidogo juu ya kichwa, lazima umuache mita sita na zaidi. Barabarani mita sita ni nyingi sana. Ndani yake anapita mtu, baiskeli, mwingine na mzigo kichwani.

Ule ushauri wa hamsini haukuwa wa uongo, ila ulikuwa wa kamera nyingine. Kamera ya Leica ya kwanza iliyoingia sokoni mwaka 1925 ilikuwa na lenzi ya milimita 50, na Henri Cartier-Bresson, mpiga picha maarufu wa Ufaransa, alipiga sehemu kubwa ya kazi zake kwa 50. Filamu yao ilikuwa na fremu ya milimita 36 kwa 24. Sensa kubwa za leo ziitwazo full frame zina ukubwa uleule, kwa hiyo mwenye kamera hizo akisema hamsini anasema kweli. Kwenye APS-C, ili kulinganisha na hizo, unazidisha urefu wa lenzi kwa 1.5 (Canon ni 1.6), na hamsini yangu ikawa kama 75. Hiyo ni lenzi ya sura za watu, na kwa sura ni tamu kweli. Wenye Micro Four Thirds, sensa ndogo zaidi, wanazidisha kwa 2. Hesabu hii ya darasa la nne ndiyo niliyoiruka.

Safari hii sikutaka kumuuliza mtu. Nilikuwa na zuum iliyokuja na kamera, 18 hadi 55, na picha zaidi ya mia sita nilizopiga nayo mtaani. Kila picha ya dijitali inabeba ndani yake urefu wa lenzi uliotumika, na programu nyingi za kupanga picha zinaweza kuzichambua kwa namba hiyo. Nikasema hapa sasa ukweli utajitoa wenyewe.

Kilichojitoa ni upuuzi. Zaidi ya nusu ya picha zilikuwa 18 au 55 kamili. Ningeamini, ningenunua lenzi mbili na zote zisinifae. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba sikuwa nimezichagua namba zile. Pete ya zuum ndiyo iliyozichagua. Mkono ukiwa na haraka unazungusha mpaka mwisho, huku au kule, unabonyeza. Namba zilikuwa zinanionyesha pete inapokwama.

Nikafanya jingine. Nikaacha kuzihesabu picha zote, nikatoa zile tu ambazo ningethubutu kuzichapisha na kuzitundika ukutani. Zilikuwa ishirini na sita. Humo ndani ile 55 ikapotea karibu yote. Nyingi zilikaa kati ya 23 na 30, yaani mahali ambapo nilikuwa nimetulia, nikatazama, nikazungusha pete taratibu hadi picha ikakaa. Picha za 18 zilizobaki zilikuwa chache, na karibu zote nilikuwa nimezikata baadaye ili kuondoa takataka za pembeni.

Nikachukua tepu ya karatasi, nikaifunga pete ya zuum katikati ya 24 na 35, nikatoka nayo hivyo kwa majuma matatu. Kama kuna jambo moja kwenye maelezo haya ambalo ningemwambia rafiki alifanye kabla ya kufungua pochi, ni hili la tepu. Siku mbili za kwanza mkono uliendelea kuitafuta pete. Siku ya tatu ukasahau. Wiki ya pili nikajikuta nasimama mahali sahihi kabla ya kuinua kamera, kwa sababu nilishajua fremu itaishia wapi. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho sikuwahi kujiuliza: mimi husimama umbali gani na watu? Nikawa napima kwa hatua baada ya kila picha. Tatu na nusu, nne, tatu. Kwa mguu wangu hiyo ni mita mbili na nusu hadi tatu. Huo ndio umbali ambao sijisikii mwizi wala sijisikii naingilia mazungumzo ya watu.

Chukua 27, katikati ya zile 23 na 30: mita 3 zinatoa upana wa mita 2.6 kwa kimo cha mita 1.7. Mtu karibu mzima, na anachokifanya, na jirani yake. Kwa 18 upana unafika karibu mita 4, na mimi si mtu wa kusogea hadi mita moja na nusu ili kuujaza. Wapo wanaoweza, na picha zao nazipenda. Nimejaribu, nikawa natetemeka.

Kwa hiyo namba nilikuwa nayo. Nikaanza kuzitafuta lenzi zenyewe, na nikakuta kitu cha kufurahisha. Lenzi bapa, zile nyembamba kama kifuniko cha chupa kilichonenepa, nyingi zimekusanyika hapohapo. Fujifilm wana 27 ya f/2.8, ya kwanza ilikuwa na gramu 78 na unene wa milimita 23. Canon walitoa 24 ya f/2.8 ya kamera zao za APS-C, gramu 125, unene uleule karibu. Panasonic walitoa 20 ya f/1.7 mwaka 2009, ya Micro Four Thirds. Zidisha kila moja kwa sensa yake: zote zinaangukia 40 au karibu sana na 40. Na mshazari wa ile fremu ya 36 kwa 24 ni milimita 43. Ni pembe ya kati, haitanui kitu wala haikivuti.

Hapo shetani wa f/1.4 akaja. Kila mpiga picha anamjua. Kulikuwa na lenzi nyingine ya f/1.4, nzuri, nene, zaidi ya mara tatu ya uzito wa lenzi bapa. F/1.4 inapitisha mwanga mara nne ya f/2.8, hilo halina ubishi, na usiku utalikumbuka. Lakini nikajiuliza mtaani nitaitumiaje. Ukiweka fokasi (umbali ambao picha inakuwa kali) mita 3 kwa lenzi ya 27 na kufungua hadi f/1.4, eneo linaloonekana kali lina kina cha sentimita 70 hivi. Mtu akichukua hatua moja ametoka. Kwa f/2.8 unapata kama mita moja na nusu. Kwa f/8 unapata kuanzia mita 1.8 hadi karibu 9. Mchana kutwa ningekuwa naifunga ileile niliyoilipia ifunguke.

Lililomaliza ubishi lilikuwa mfuko wa koti. Kamera yenye lenzi nene inataka begi. Ukibeba begi umetoka kupiga picha, na kutoka kupiga picha kunahitaji kupangwa. Kamera yenye lenzi bapa inaingia mfukoni, unatoka nayo ukienda kununua sabuni. Sina siku maalumu ya picha za mtaani. Nina dakika kumi nikitoka kazini na robo saa nikisubiri basi.

Nikaamua kununua lenzi bapa iliyotumika. Ya kwanza niliyoletewa ilikuwa safi kwa nje, inang'aa. Nilikuwa nimekuja na tochi na gazeti. Tochi unaimulika kutoka nyuma ya lenzi huku ukichungulia kwa mbele: vumbi mbili tatu si hoja, ila ukiona nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, achana nayo. Angalia pia vibapa vinavyofungua na kufunga tundu kama vina mafuta. Hivyo vyote vilikuwa sawa. Nikabandika gazeti ukutani, nikalipiga likiwa limejaa fremu, tundu wazi kabisa, kamera imelala sambamba na ukuta. Kukuza picha kwenye skrini, upande wa kulia herufi zinasomeka, upande wa kushoto zimevimba kama zimelowa maji. Nikageuza kamera juu chini, nikapiga tena. Sasa za kulia ndizo zilizovimba, yaani ugonjwa ulikuwa unahama na lenzi. Iliwahi kuanguka hiyo.

"Kaka, hiyo nani ataiona kwenye picha?" dada aliyekuwa akiiuza akaniuliza, kwa upole tu.

"Mimi, dada."

Tuliagana vizuri. Ya pili ilikuwa na mchubuko kwenye ukingo na kifuniko kimepotea, lakini gazeti lilisomeka kona zote nne. Nikaichukua.

Nimeizoea kwa namna hii. Mchana nafunga f/8, fokasi naiweka mita 3 na kuiacha hapo, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/250 ya sekunde, au 1/500 kama watu wanakatiza mbele yangu upesi, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) inajipanga yenyewe mpaka 6400. Kamera haitafuti kitu. Nikibonyeza, imepiga. Kuna usumbufu mmoja ambao sikuujua kabla: kwenye lenzi nyingi za kisasa pete ya fokasi haijaungana na vioo, inatuma tu ishara kwa mota, haina namba za mita wala mahali pa kugotea. Lenzi za zamani ulikuwa unaiweka kwa kupapasa, bila kuangalia. Mimi nasoma kipimo kwenye skrini, na nikizima kamera na kuiwasha naangalia tena kama fokasi ipo nilipoiacha. Nimeshapoteza picha tano au sita kwa kusahau hilo, mojawapo ya mtoto aliyekuwa akimfunika mbwa wake mvua kwa daftari. Mbwa ni ukungu. Ukuta wa nyuma yake mkali, unahesabu matofali.

Jua likizama naachana na mita 3. Nafungua hadi f/2.8, narudi kwenye otofokasi, nakaa karibu na taa za maduka na vituo vya basi na kungoja watu waingie wenyewe kwenye mwanga. Gizani kabisa siwezi kitu. Hapo f/1.4 ingenisaidia, na sitajifanya kwamba sioni.

Kwa fundi viatu nilirudi baada ya mwezi hivi. Nilisimama hatua nne, nikachutama ili viatu vije mbele. Mwavuli uliingia wote, ukingo wake ukagusa juu ya fremu. Alikuwa anapiga msumari na hakuinua kichwa.

"Leo hukimbii," akasema.

Nilimpelekea picha iliyochapishwa. Aliitazama kwa muda, akaniambia kiatu cha tatu kutoka kushoto mwenyewe hajaja kukichukua hadi leo, kisha akaisukuma kwenye ubavu wa sanduku la misumari.

Ile 50 ninayo bado, naitumia ndugu wakitaka picha za sura. Zuum ipo kabatini na tepu yake. Nilijaribu kuibandua, ikatoka nusu, gundi ikabaki katikati ya 24 na 35.