Nilivyofanikiwa kuwaona nyangumi Msimbati

Mtwara mjini ukitaja Msimbati, kijiji cha pwani, watu wanawaza gesi inayochimbwa huko. Nyangumi wanawasikia kwa wavuvi tu. Mimi nilitaka kuwaona kwa macho yangu, tena nikiwa nchi kavu, na inawezekana.

Msimu wenyewe ni wa kusi, upepo utokao kusini. Nyangumi wenye nundu hutoka bahari za baridi kali kule Antaktika wakaja pwani yetu kupandana na kuzaa. Agosti na Septemba ndiyo miezi ninayoitegemea. Msimbati imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na upande wa Ruvula kina kirefu kinaanza karibu na ufukwe. Ndiyo maana nakaa huko.

Lakini kusi hiyohiyo ndiyo inayochafua bahari. Jua likishapanda, mawimbi yanatoa povu kila upande, na povu la mbali linafanana mno na pumzi ya nyangumi, ule mvuke anaoutoa akija juu. Kwa hiyo nalala kijijini, alfajiri niko ufukweni. Darubini naiacha shingoni kwanza, kwa sababu inaonyesha kipande kidogo tu cha bahari. Natembeza macho taratibu kule maji yanapokutana na mbingu.

Mzee mmoja mvuvi alinielekeza vizuri kuliko mtu yeyote. "Mwanangu, povu linalala. Pumzi inasimama." Ndivyo ilivyo. Povu linavunjika na kupotea na wimbi lake, ila pumzi inapanda wima, inaning'inia kidogo, kisha upepo unaisukuma kaskazini. Subiri kidogo, inatoka nyingine jirani na palepale. Hapo ndipo nainua darubini. Akiinua mkia juu ya maji, ujue anazama chini kabisa, na anaweza kukaa huko dakika kadhaa. Angalia mbele ya alikokuwa anaelekea.

Asubuhi moja niliona pumzi mbili sambamba, moja ndefu na nyingine fupi, ya chini, inayotoka mara kwa mara. Mama na mtoto. Mtoto huzaliwa na mita 4 hivi, na huyu alikuwa amejibana ubavuni mwa mama yake hata mgongo wake ulionekana kama sehemu ya mama. Machozi yalinitoka, sikujali nani ananiona.

Tangu hapo, nikikodi boti naelewana na nahodha kabla hatujaondoka: hakuna kuwafukuza. Mita 100 ndio umbali wa chini unaotumika nchi nyingi, na kwa mama mwenye mtoto mimi nataka zaidi. Mama huyo huku kwetu hali karibu chochote. Anaishi kwa mafuta ya mwilini mwake, na maziwa yanatoka humohumo. Kila anapokimbia boti, anatumia akiba ya mtoto.

Pomboo hawana msimu. Nimewaona miezi tofauti, wakati mwingine wanakuja wenyewe mbele ya boti.

Nguva bado namtafuta. Anakula majani ya bahari kwenye maji mafupi, na majarife, zile nyavu kubwa za kutega, yamempunguza sana pwani hii. Kila nikikutana na wavuvi wanaotega huko nawauliza habari zake, na nawaomba, akinaswa akiwa hai, wakate wavu wamwachie aende.