Marinda, sahani na pini ndani ya herufi sita

Jumapili usiku

Mpwa wangu yuko likizo, na jioni hizi tunacheza mchezo usiohitaji hata ubao. Mmoja anataja herufi sita, mwingine anatafuta maneno ya Kiingereza yanayozitumia zote, kila moja mara moja. Sharti nimeliweka mimi: neno usilojua maana yake halihesabiwi. Analipinga kila tukikaa.

Na hoja anayo. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi zenye pointi, mwaka 2015 ilhali Kifaransa chenyewe hakizungumzi. Alikariri orodha ya maneno, basi. Mwaka 2024 akarudia hayohayo kwa Kihispania. Kwa wachezaji wa aina yake neno ni fungu la herufi, na wengi huzikariri zikiwa zimepangwa kwa alfabeti ili fungu moja liwakumbushe maneno yote yaliyomo.

“Mjomba, sasa huyo naye ungemnyima pointi?”

Ningemnyima. Utamu wote uko kwenye maana. Chukua A, E, L, P, S na T. Plates, sahani, alilitoa kabla sijamaliza kutaja herufi. Petals, petali za ua, likafuata. Pastel ni rangi zilizopoa, zile za waridi hafifu na samawati ya mbali, na ni jina pia la chaki laini za wachoraji. Staple lina kazi mbili zisizohusiana: kijipini cha kubania karatasi, na chakula kikuu cha watu, ambacho hapa kwetu ni ugali. Pleats lilimsumbua sana, na huku analivaa muhula mzima: marinda ya sketi ya shule!

Nilipomtolea tepals alidhani namtania. Kuna maua ambayo petali na sepali zake, yaani vile vijani vya nje vinavyofunika ua kabla halijachanua, zinafanana kiasi kwamba huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo wataalamu wa mimea wakaziita zote kwa jina moja. Ua la kitunguu ni mfano mzuri, lina tepali sita. Kusikia kitunguu tu, akalala na neno hilo. Sidhani kama atalisahau.

Fungu la A, E, M, R, S na T nalo linaanza kwa upole: master, bwana au bingwa, stream, kijito, tamers, wafugishaji wa wanyama wakali. Ukichimba zaidi unakutana na armets, kofia za chuma za wapiganaji wa farasi wa Ulaya karne ya 15, zilizofunika kichwa chote hadi uso. Halafu ramets. Hili nalipenda kupita yote. Machipukizi yanayozunguka mgomba kinasaba ni mmea uleule mmoja, ingawa kila moja lina shina na mizizi yake na ukiling’oa ukalipanda kwingine litaota. Kila moja ni ramet. Miaka yote nimehamisha machipukizi ya migomba bila kujua yana jina la heshima namna hiyo.

E, I, L, N, S na T nalipita haraka, maana mahubiri ya listen na silent, kusikiliza na kukaa kimya, yamenichosha. Wanayabandika hadi ukutani maofisini. Hakuna anayemkumbuka tinsel, zile nyuzi zinazometameta kwenye mti wa Krismasi, lenye asili katika neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha cheche. Wala enlist, kujiandikisha jeshini.

Kiswahili kingetutesa kwenye mchezo huu. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni Scrabble miaka ya 1930 akiwa hana kazi, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ya Kiingereza ili ajue kila herufi iwe na vipande vingapi. Matokeo yake K ipo moja tu, na ina pointi 5. Jaribu kusema “kaka kakaa kitako” kwa K moja.

Jana mpwa wangu alikuja na mtego: maneno mawili ya Kiingereza ya herufi sita, tano zikiwa zilezile, na yote mawili ni yetu. Safari na askari. Toa F, tia K. Yaliingia Kiingereza kupitia huku pwani, baada ya sisi wenyewe kuyapata kwa Waarabu, na yakapungua njiani. Kwa Mwingereza safari ni kwenda kutazama au kuwinda wanyama. Basi la Morogoro halimo. Askari ni mwanajeshi Mwafrika wa majeshi ya wakoloni, kama yule wa sanamu ya Dar es Salaam iliyozinduliwa mwaka 1927. Nikamtaka aeleze maana hiyo. Yeye akasema askari ni yule mlinzi wa benki anayetukagua mifuko, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kinamwita hivyohivyo.

Hapo sikuwa na la kujibu. Safari ina pointi 9, askari 10, nikamwandikia zote 19. Kesho ni zamu yake kutaja herufi, na ameshatishia kuweka Q.