Masaa 11 Mumbai

Nimetua saa 5 asubuhi na ndege ya kuunganisha ni saa 4 usiku, viza nilishaomba mtandaoni kabla ya safari kwahiyo begi nikaliacha uwanjani nikadaka teksi mpaka Gateway of India, lile lango la mawe pale baharini lililofunguliwa 1924, mbele yake hoteli ya Taj Mahal Palace ambayo ipo tangu 1903. Watu kibao aisee!

Ila kilichonikamata ni vada pav. Kale kadonge ka viazi na bizari kanakaangwa mbele yako, kanabanwa kwenye mkate mdogo wenye chatne ya kitunguu saumu, pembeni pilipili mbichi nzima. Hizi ni kachori zetu jamani! Nikala mbili nimesimama hapohapo, na watu pembeni wanaongea nasikia neno "chai", nasikia neno "gari" kama kwetu, nikajisikia niko Kariakoo.

Jioni nikakaa kwenye ukuta wa Marine Drive, jua linazama baharini na upepo mtamu, nikawaza majahazi yaliyokuwa yanafuata kaskazi kutoka huku mpaka Zanzibar, maji ni haya haya. Nitarudi, safari ijayo nalala siku 3.