Udongo wa Bukama ulivyonipa samaki mara mbili

Yai lenyewe la samaki wa dimbwini lina upana wa milimita 1 hivi, dogo kuliko punje ya uwele. Nililiweka kwenye karatasi nyeupe, nikawasha taa ya meza, nikalitazama kwa lensi ileile ninayotengenezea simu. Ndani yake samaki alikuwa amejikunja duara, mkia umefika kichwani, na macho mawili meusi yamezungushiwa pete ya dhahabu. Pete hiyo ndiyo niliyokuwa nikiingojea, maana ndiyo dalili kwamba samaki yuko tayari kuangua. Mwaka uliotangulia sikujua kuingoja, nikawapoteza wote.

Mimi ni fundi wa simu hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, naishi mtaa wa Katuba. Mjomba wangu yuko Bukama, ukingoni mwa mto Lualaba. Nilipomtembelea wakati wa mvua alinipeleka kwenye dimbwi lililo kando ya njia, halifiki goti, maji rangi ya chai ya maziwa. Alichota kwa kikapu, wakatoka samaki wadogo kama kidole cha mwisho. Dume mmoja alikuwa na magamba ya bluu, kila gamba limetiwa ukingo mwekundu.

“Mjomba, mwezi wa tisa si tulipita hapa na baiskeli? Palikuwa pakavu kabisa.”

“Ndiyo, mwipwa wangu. Wazee walituambia hawa wanaanguka na mvua.”

Sikumbishia. Mtu akiona dimbwi kavu limejaa samaki wiki chache baada ya mvua, atafikiri nini kingine? Lakini mvua haiwaleti, inawaamsha tu. Hawa ni samaki ambao wataalamu huwaita Nothobranchius. Wazazi hutaga ndani ya tope, yai moja moja, kisha dimbwi linakauka na wote wanakufa. Mayai yanabaki kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi, yakiwa usingizini miezi yote ya kiangazi. Katanga, eneo letu hili, ina aina zake kadhaa: Max Poll, mtaalamu wa samaki, aliieleza Nothobranchius brieni mwaka 1938, na nyingine, Nothobranchius malaissei, imepewa jina la François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha hapahapa Lubumbashi. Mimi nilizaliwa mji huu na sikuwahi kusikia habari hiyo shuleni.

Mwezi wa nane mjomba alinitumia kwa treni nusu gunia la udongo wa dimbwi lile. Nilifurahi mno, nikamwaga sehemu yake kwenye beseni jioni ileile na kutia maji. Kesho yake vifaranga thelathini na kitu walikuwa chini ya beseni, lakini hawakuogelea. Walirukaruka kwa tumbo juu ya tope kama wadudu waliokatwa mbawa. Wiki haikuisha, wote wamekufa. Baadaye nilielewa: kifaranga akiangua kabla nguvu hazijamtosha, hawezi kujaza hewa kwenye kibofu chake cha kuelea, basi hainuki tena.

Udongo uliobaki niliufunga kwenye mfuko wa plastiki, una unyevu kidogo tu, kama tumbaku. Hapa ndipo nililazimika kufikiria mahali. Sisi tuko juu, mita 1,200 hivi, na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba kila mtu anaijua. Bukama iko chini sana, ina joto. Yai likipata baridi hukua polepole. Nikaning'iniza mfuko jikoni, mbali kidogo na mbabula, yaani jiko la makaa, mahali ambapo mkono unasikia uvuguvugu bila kuchoka. Mke wangu alivumilia, namshukuru. Kila wiki mbili nilitoa udongo kijiko kimoja, nikauvunjavunja kwenye karatasi, nikatafuta mayai kwa lensi. Mwanzoni yalikuwa meupe maangavu, hayana kitu ndani. Pete za dhahabu nilikuja kuziona mwezi wa pili wa mwaka uliofuata.

Safari hii maji ya bomba niliyaacha wazi siku nzima ili klorini itoke, nikayatia yakiwa ya baridi, kina cha vidole vitatu tu, ili kifaranga asihangaike kufika juu kumeza hewa. Baada ya saa chache niliona macho yanang'aa juu ya maji. Waliogelea! Nilihesabu 22.

Chakula ndicho kazi kubwa kuliko zote. Miezi miwili kabla nilikuwa nimeweka pipa juani kwenye lupango, yaani uani, lenye maji ya mvua na majani ya kabichi yaliyooza, hadi maji yakawa kijani. Siku za kwanza niliwapa maji hayo yenyewe, yana vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kisha viroboto-maji vidogo nilivyochuja kwa kitenge chakavu, na mwishowe viluwiluwi vya mbu. Wanakula mara mbili kwa siku, na ukikosa siku moja unaona matumbo yameingia ndani.

Chumvi pia. Samaki hawa hushikwa upesi na ugonjwa unaowafunika kama vumbi la dhahabu, na chumvi kidogo huukinga. Mimi natia kijiko kimoja cha chai kwa lita 5. Nilipoona hawajali nikastaajabu, hadi niliposoma kuhusu ndugu zao. Zamani wataalamu waliwaweka wote katika familia moja, Cyprinodontidae, hadi Lynne Parenti alipoigawanya upya mwaka 1981. Katika waliobaki kwenye familia hiyo, Cyprinodon variegatus wa pwani za Amerika anaishi maji yasiyo na chumvi, bahari, hata maji yenye chumvi zaidi ya mara tatu ya bahari.

Wiki ya tano madume walianza kupata rangi. Nikawawekea bakuli la mchanga laini, nikaona dume anamfunika jike kwa pezi la mgongoni, wanatetemeka pamoja, yai linazama mchangani.

Na ule udongo niliokwisha uamsha? Sikuutupa. Mayai ya dimbwi moja hayaamki yote siku moja, maana mvua ya kwanza huweza kudanganya na kukatika. Niliukausha tena, nikaurudisha jikoni wiki sita, nikatia maji. Wakatoka tisa wengine. Nilimpigia mjomba usiku huohuo, akaniomba nimrudishie samaki wawili wa udongo huo, dume na jike, awaonyeshe wajukuu wake.