Vitunguu Havitaki Jua

Jumamosi, Lindi.

Vitunguu vya uani vimelala. Zaidi ya nusu ya majani yameanguka, shingo zimelegea, ncha zimekuwa njano. Maji nilishayakata mapema, kwa hiyo leo nimeng'oa kwenye udongo mkavu na kukung'uta mchanga kwa mkono. Kuosha hapana. Kitunguu kilichooshwa ni cha sufuria, si cha kuweka.

Shangazi alipopita akashangaa. "Mbona umevificha huku upenuni? Jua lote hilo!"

"Hivi haviendi juani, shangazi."

Akaguna.

Simlaumu. Huku Kusini tumekulia kwenye kuanika: makopa juani, dagaa juani, na sasa korosho zimeanza kuanguka, kila uwanja utajaa mikeka na maturubai. Lakini kopa ni muhogo uliomenywa, unatakiwa upoteze maji yote. Kitunguu kinatakiwa kibaki na maji yake ndani. Kinachokauka ni maganda ya nje na shingo. Jua letu la saa saba mchana linakibabua ubavu, panalainika, na uozo unaanzia hapo hapo.

Ninachokitegemea ni upepo. Kusi bado inavuma, ingawa imeanza kulegea, ndiyo maana nina haraka. Mvua zikikaribia, hewa ya pwani hii inakuwa nzito mpaka chumvi inalowa ndani ya kopo. Nimefunga uchanja wa mianzi, nikavitandaza safu moja, na majani yake yote. Wapo wanaoyakata siku ile ile ili paonekane pasafi. Shingo ikikatwa mbichi, ukungu hupenya mpaka moyoni.

Wiki mbili hivi zitatosha. Nitabana shingo kwa vidole na kusugua: ikiteleza, bado, ikiwa imekaza na ganda linachakarika, tayari. Vingine nitavisuka majani kama ukili nivitundike jikoni, vingine viingie kwenye neti. Mfuko wa nailoni sitaki hata kuuona.

Sina shamba la kushindana na Singida. Ila Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, ndipo nilipoona ubaya wa kungojea kila kitu kije na lori. Sidanganyiki kwamba hivi vitafika Mei. Vikifika Januari nitashukuru.

Vyenye shingo nene, na vile vilivyotoa maua, nimevitenga. Havikai, hata uviombee dua. Nikamjazia shangazi kikapu.

"Ndiyo unanipa vibovu?"

"Si vibovu, ni vya kuanza kuliwa. Weka kwenye mchuzi wa pweza leo leo."

Akapokea. Kisha akapita uchanjani, akachagua na vingine vizuri, vyembamba vya shingo, akavitia juu ya kikapu. Vya kulinganisha, anasema.