Jinsi nilivyotatua: hifadhidata iliyogoma kuwaka kwenye Raspberry Pi 5

Hifadhidata iliyofanya kazi vizuri kwenye Raspberry Pi 4 yangu (kompyuta ndogo ya bodi moja) iligoma kabisa kuwaka kwenye Pi 5. Ilitoa mstari mmoja tu: jemalloc, maktaba ambayo hifadhidata hiyo huitumia kugawa kumbukumbu, haikubali ukubwa wa ukurasa (kipande cha kumbukumbu) wa mfumo huu. Jioni nzima nilikagua diski na RAM, kumbe hazikuwa na kosa lolote.

Niliandika `getconf PAGESIZE`, amri inayoonyesha ukubwa wa ukurasa kwa baiti. Jibu: 16384. Kwenye Pi 4 ilikuwa 4096.

Prosesa za ARM za biti 64 zinaweza kuigawa kumbukumbu katika kurasa za kilobaiti 4, 16 au 64, na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndiyo inayoamua. Kerneli ya kawaida ya Pi 5 hutumia 16, lakini programu yangu ilijengwa kwa kudhani ni 4 daima. Kwenye x86-64 (prosesa za Intel na AMD) ukurasa wa msingi ni kilobaiti 4 tu, ndiyo maana dhana hiyo imeenea sana.

Niliongeza `kernel=kernel8.img`, yaani kerneli ya kurasa za kilobaiti 4, kwenye `/boot/firmware/config.txt`, nikawasha upya, hifadhidata ikaamka.

Baadaye niliijenga upya jemalloc kwa `--with-lg-page=16` (16 hapa ni kipeo cha 2: baiti 2^16), ikakubali kurasa hadi kilobaiti 64, nikairudisha kerneli ya awali. Njia hii naipenda zaidi: kurasa kubwa huipunguzia prosesa kazi ya kutafuta anwani.