Hesabu Mishumaa Kwanza: Kuchagua Vitabu vya Watoto vya Sikukuu za Majira ya Baridi

Ukishika kitabu cha picha cha Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya usiku nane, usianze na maneno. Tafuta ukurasa wenye taa, hesabu mishumaa inayowaka, halafu soma hadithi imefika usiku wa ngapi. Usiku wa tatu inatakiwa iwake minne: mitatu ya sikukuu, na mmoja wa kuwashia wenzake, unaoitwa shamashi. Ikiwa inawaka yote tisa usiku wa pili, mchoraji hakuijua sikukuu anayoichora, na mara nyingi utakuta na maandishi yana kasoro zake.

Taa ya Hanuka ina matawi tisa. Ile ya matawi saba ni taa ya Hekalu la Yerusalemu, na wachoraji wengi huichora hiyo kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye nembo ya Israeli. Matawi manane ya sikukuu hukaa usawa mmoja. Shamashi hukaa juu kidogo au pembeni ili usichanganywe na wenzake. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, kila usiku ukiongezwa mmoja kwenda kushoto, lakini kuwasha huanza kushoto, na ule mpya. Kwa hiyo usiku wa tatu upande wa kulia ndio wenye mishumaa na wa kushoto uko mtupu. Ila taa huwekwa dirishani ili wapita njia waione, na mchoraji aliyesimama mtaani ataona kinyume chake. Angalia kwanza picha imechorwa ukiwa ndani au nje kabla hujaitupilia mbali.

Boksi moja la mishumaa ya Hanuka huwa na 44. Mtoto wa miaka saba anaweza kujumlisha mwenyewe: 2 usiku wa kwanza, 3 wa pili, hadi 9 usiku wa nane. Mpe karatasi na penseli, hataisahau sikukuu hiyo.

Baada ya picha, njoo kwenye tarehe. Kitabu kinachosema Hanuka ni “Krismasi ya Wayahudi” au kinachoipa tarehe moja ya Disemba, kirudishe. Hanuka huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislev katika kalenda ya Kiyahudi. Mwaka 2024 ilianza jioni ya 25 Disemba, mwaka 2025 jioni ya 14 Disemba, na mwaka 2026 inaanza jioni ya 4 Disemba. Kisha angalia hadithi yenyewe. Vitabu vya Wamakabayo, ambavyo Wakatoliki wanavyo kwenye Biblia zao, vinasimulia vita na kutakaswa kwa Hekalu mwaka 164 KK, wala havitaji kichupa cha mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane. Habari ya mafuta imo katika Talmud, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya Wayahudi, iliyokusanywa karne nyingi baadaye. Kwa mtoto wa miaka minne mafuta yanatosha. Kwa wa miaka tisa, kitabu kinachoruka vita kinamnyima nusu ya hadithi, kwa sababu hataelewa Hekalu lilitiwa unajisi na nani na kwa nini watu walichukua silaha.

Kitabu ninachokipa nafasi ya kwanza hapa ni *Hershel and the Hanukkah Goblins* cha Eric A. Kimmel, kilichochorwa na Trina Schart Hyman, kikatoka mwaka 1989. Hershel ni mjanja wa ngano za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na aliyekulia kwenye hadithi za Abunuwasi atamtambua mara moja. Analala kwenye sinagogi lililovamiwa na mazimwi, na kila usiku inambidi azishinde hila zao ili mishumaa iwake. Zimwi mmoja anaingiza mkono kwenye mtungi wa achari ya matango, anakunja ngumi, mkono hautoki. Anadhani amerogwa, kumbe angeiachia tu ile achari. Watoto hucheka hapo kila mara. Lakini mfalme wa mazimwi anatisha kwelikweli, kwa hiyo kisomwe kuanzia miaka sita, na si dakika za mwisho kabla taa haijazimwa.

Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, ina jaribio lake la mishumaa. Kinara kina mishumaa saba: mweusi mmoja katikati, mitatu myekundu kushoto, mitatu ya kijani kulia. Siku ya kwanza, 26 Disemba, huwashwa mweusi peke yake. Mpangilio aliouweka mwanzilishi, Maulana Karenga, ni watu kwanza, kisha mapambano, kisha matumaini, yaani mweusi, myekundu, ya kijani. Familia nyingi hupishanisha myekundu na ya kijani, na hilo si kosa la kitabu. Kosa ni kinara chenye mishumaa tisa, au picha ya siku ya kwanza yenye mwekundu unaowaka. Hesabu pia vibunzi vya mahindi juu ya mkeka: kila mtoto wa nyumba hiyo ana chake, kwa hiyo watoto watatu kwenye picha, vibunzi vitatu.

Kwa mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, Minneapolis au Toronto, kitabu cha Kwanzaa humchanganya kwa namna yake. Anasikia umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani, na moja kwa moja anaamini kwamba bibi yake Tanga huwasha kinara. Mwambie mapema: Kwanzaa ilianzishwa mwaka 1966 kule Los Angeles, na Wamarekani weusi, mwaka mmoja baada ya machafuko ya mtaa wa Watts jijini humo. Walichagua Kiswahili kwa sababu ni lugha ya Waafrika wengi isiyofungwa na kabila moja. Kitabu kinachosema ni “sikukuu ya kale ya Afrika” kinakosea, na kinawanyang’anya waliokibuni kitu chao wenyewe. Zilizo za kale ni sherehe za mavuno ambazo Karenga alizitumia kama mfano.

Sasa vile vitabu vya mkusanyiko, “sikukuu za baridi duniani kote”. Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32. Toa ukurasa wa jina na wa haki za kuchapa, unabakiwa na kama kurasa pacha 14, yaani jozi za kurasa zinazotazamana. Zigawie sikukuu saba: kila moja inapata pacha mbili. Humo mwandishi anaweza kuingiza taa, chakula na zawadi tu, basi. Ndiyo maana ukifika mwisho kila sikukuu inafanana na Krismasi iliyobadilishiwa nguo. Kitabu cha namna hiyo kiweke kwa ajili yako mzazi, cha kuangalia tarehe. Mtoto msomee kitabu kimoja chenye nyumba moja, familia moja, usiku mmoja.

Angalia na mwaka wa kuchapwa. Mikusanyiko iliyotoka kwenye miaka ya 2000 hivi mara nyingi inaiweka Ramadhani pamoja na Krismasi na Hanuka, na wakati huo ilikuwa sawa: mwaka 2000 ulikuwa na Idi mbili za Fitri, moja Januari na nyingine mwishoni mwa Disemba. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani ikahama, ikapita kiangazi cha Ulaya, na sasa inarudi. Mwaka 2030 inatarajiwa kuanza mara mbili, Januari na tena Disemba. Kitabu kinachosema Idi ni sikukuu ya baridi bila kueleza mwandamo wa mwezi kitamwacha mtoto Mwislamu akiuliza mbona mwaka jana tulifunga kwenye mvua za masika.

Diwali nayo hutiwa humo kwa sababu ya taa zake, ingawa huwa Oktoba au Novemba. Waliokulia Mombasa au Dar wanajua.

Kwa sikukuu nyingine nitakupa cha kuangalia tu. Mtakatifu Lusia, Sweden, 13 Disemba: kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, taji la mishumaa, na mikate ya zafarani, kitabu kizuri kinaonyesha pia giza, maana Stockholm mwezi huo jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Usiku wa Yalda wa Wairani, kati ya 20 na 22 Disemba: makomamanga, tikiti maji, na diwani ya mshairi Hafidh inayofunguliwa popote ili kupiga fali, picha isiyo na kitabu cha mashairi imeacha kiini. Krismasi ya Ethiopia ni 7 Januari. Ukraine ilihamia rasmi 25 Disemba mwaka 2023, hivyo vitabu vya kabla ya hapo vinasema tarehe ya zamani.

Mtakatifu Nikolasi wa Uholanzi na Ubelgiji anahitaji macho makali zaidi. Matoleo ya zamani yana msaidizi wake aliyepakwa uso mweusi tii, midomo mikubwa, hereni za pete. Usimkabidhi mtoto kabla hujakipitia chote. Matoleo mengine ya karibuni yanamchora na madoa ya masizi tu, kama mtu aliyepita kwenye dohani. Hivyo hivyo kwa Mamajusi wa 6 Januari nchini Hispania: mtazame Balthazar, yule Mamajusi mweusi, kama amechorwa mtu au kinyago.

Kusoma kwa sauti kitabu cha Kiingereza kwa Kiswahili papo hapo kunakwama kwenye maeneo yaleyale: vitu vya theluji, vyakula, na mashairi yenye vina. Kisome peke yako mara moja, bandika vikaratasi kwenye kurasa ngumu ukiandika utakavyosema. Vina viache, simulia. Maneno 600 hadi 800 huchukua dakika kumi pamoja na maswali. Na sema “Wayahudi huwasha”, “Waswidi huoka”, ili mtoto ajue anatembelea nyumba ya jirani. Ikiwa ni sikukuu yenu, sema “tunawasha”.

Baadaye fanyeni jambo moja kutoka kitabuni. Mchezo wa pia ya Hanuka, ile ya kuzungusha yenye pande nne na herufi moja ya Kiebrania kila upande, ni rahisi kuliko yote. Kila mchezaji anaanza na karanga kumi, wote wanaweka moja katikati, kisha mnazungusha kwa zamu na kusoma herufi iliyo juu. Nun, huchukui kitu. Gimel, unazoa zote. He, nusu. Shin, unaongeza moja. Zikiisha katikati, kila mtu anaweka tena moja. Hili vitabu vingi husahau kulieleza na mchezo hukwama.

Kwa Dongzhi, siku ya Wachina ya kati ya 21 na 23 Disemba, kusini mwa China hupikwa madonge ya mchele yanayoliwa kwenye maji ya sukari na tangawizi. Chukua gramu 200 za unga wa mchele unaonata na mililita 160 za maji ya vuguvugu, ukimimina kidogo kidogo hadi donge liwe laini bila kushika mikono. Viringisha madonge ya ukubwa wa zabibu kubwa, tia kwenye maji yanayochemka, yakielea subiri dakika moja utoe. Unga wa mchele wa kawaida, ule wa vitumbua, haufai: haunati, madonge yatapasuka na kuyeyuka sufuriani. Duka la vyakula vya Kichina ndilo lenye unga sahihi. Kwa mtoto chini ya miaka minne kata kila donge vipande vinne, kwa sababu linanata na linaweza kumkaba.

Kupata vitabu vyenyewe, tumia maktaba kabla ya duka. Kwa namba za Dewey, ambazo maktaba hupangia vitabu, sikukuu kwa jumla ziko 394.26, lakini Hanuka nyingi ziko 296.435, pamoja na vitabu vya dini ya Kiyahudi, na hadithi za kuzaliwa kwa Yesu ziko 232.92. Vitabu vya picha vya kubuni huwa kwenye rafu ya watoto kwa jina la mwandishi, na maktaba nyingi huvitoa humo na kuviweka kwenye rafu ya msimu, hivyo muulize mkutubi. Weka oda mwezi Oktoba. Ukingoja Disemba vilivyobaki ni vile vya mkusanyiko.